Muulize Mwalimu: Mata-mata si macho mengi

Barua za mwezi huu zimekutana kwenye jambo moja, nalo ni maneno yanayotamkwa mara mbili. Nimefurahi sana, maana ndilo jambo lililonifanya niipende taaluma ya lugha tangu nikiwa kijana. Kwa wasomaji wapya: naandika kutoka Ujiji. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31, na katikati ya miaka hiyo nilikaa Yogyakarta mwaka mmoja nikijifunza Kiindonesia kwa ufadhili wa Darmasiswa, ule ambao serikali ya Indonesia huwapa wageni wanaotaka kusoma lugha na sanaa za nchi hiyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa michikichi hapa Simbo, Kigoma Vijijini. Jioni nikitoka shamba huwa naangalia kwenye simu video za wakulima wa michikichi wa Indonesia, maana wenzetu wamepiga hatua. Lugha siijui, ila nimeanza kuokota neno moja moja. Nimeona wanapenda kusema neno mara mbili: hati-hati, pelan-pelan, pohon-pohon, buah-buahan. Rafiki yangu fundi simu akaniambia huo ndio wingi wao, kama sisi tunavyosema mti na miti. Nikaamini. Mata ni jicho, basi nikajua mata-mata ni macho. Juzi nikaitafuta kwenye simu, ikaniambia mata-mata ni jasusi! Sasa ukirudia neno inakuwa wingi au inakuwa neno jingine? Na hizo hati zao ni hati za mashamba?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifunza kwa sikio. Rafiki yako hajakudanganya. Amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo tamu zaidi.

Nianze na nusu yake. Kiindonesia hakina ngeli. Sisi tukitaka kusema habari za vitu vingi tunagusa mwanzo wa neno: mti, miti, mkulima, wakulima. Kisha sentensi nzima inafuata: miti yangu mikubwa imezaa. Wao mwanzo wa neno hauguswi. Pohon ni mti, na pohon hiyo hiyo ni miti, kutegemea mnazungumzia nini. Mkulima akikuambia saya punya pohon sawit, maana yake ana mchikichi au ana michikichi, hujui kama ni mmoja au ekari kumi, na wala hajakosea sarufi. Akitaka ujue kwamba ni mingi, ndipo anapoweza kurudia: pohon-pohon sawit. Angalia nimesema "anapoweza". Si lazima kama ilivyo lazima kwetu kusema mi- badala ya m-.

Tena ikitajwa idadi, kurudia hakuna nafasi. Hili nililishika dukani, mwezi wangu wa kwanza Yogyakarta. Lilikuwa duka dogo la vifaa vya shule jirani na nyumba niliyopanga, na muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni kwa uzi. Nilitaka madaftari mawili. Nikasema dua buku-buku. Dua kwao ni mbili, na buku ni kitabu au daftari. Mama yule akatoa madaftari mawili, akayalaza mbele yangu, akayagusa kwa kidole moja baada ya jingine: "Dua buku." Halafu akageukia rafu iliyokuwa nyuma yake, iliyojaa madaftari manene na membamba, vitabu vya hesabu, vya picha, vya dini. Akafungua kiganja, akakipitisha taratibu kutoka kushoto hadi kulia. "Buku-buku." Basi. Hakuongeza neno jingine, akapokea pesa yake na kunifungia mzigo.

Kile kiganja nimekifundishia mpaka nilipostaafu. Kidole huhesabu, kiganja hutandaza. Jina likirudiwa katika Kiindonesia halihesabu. Linakuonyesha vitu vimetanda, aghalabu vya namna namna. Kwa hiyo ukisema watatu, tiga petani, "wakulima watatu", petani anasimama mara moja. Ukisema banyak petani, "wakulima wengi", anasimama mara moja. Ukitanguliza para, neno la kutajia kundi la watu, ni para petani tu. Idadi imeshasemwa, kiganja cha nini tena? Wanapohesabu wana utaratibu mwingine mzuri wa kutaja kipimo: ng'ombe watatu ni tiga ekor sapi, na ekor maana yake mkia, miti mitano ni lima batang pohon, na batang ni shina. Wanahesabu mikia na mashina, si ng'ombe na miti.

Na hiyo buah-buahan uliyoisikia ni kiganja kilekile, ila kimeongezwa -an mwishoni: matunda ya kila aina, maembe, mapapai, mafenesi. Mikungu ya chikichi peke yake hawataiita buah-buahan.

Sasa twende kwenye jasusi wako. Kiganja kinachotandaza hakikai mahali pamoja. Kikishatoka kwenye kitu chenyewe kinaweza kufika kwenye kinachofanana nacho, au kwenye kazi yake. Langit ni mbingu. Langit-langit ni dari, ile mbingu ndogo ya chumbani. Gula ni sukari. Gula-gula ni pipi. Kuda ni farasi. Kuda-kuda ni kenchi za paa, na pia ule mkao wa miguu wa mpiganaji wa pencak silat. Mata ni jicho, na mata-mata ni mtu ambaye kazi yake ni jicho. Ukisikiliza hivyo hutashangaa tena, maana hata sisi mtu anayetumwa kuangalia watu tunasema ametumwa awe macho ya fulani.

Pengine wanarudia na kuongeza -an, na hapo inakuwa kitu cha kuigiza. Mobil ni gari. Mobil-mobilan ni gari la kuchezea, kama haya ambayo watoto wa Ujiji huyaunda kwa waya na vifuniko vya chupa. Orang ni mtu, orang-orang ni watu, na orang-orangan ni ile sanamu tunayoisimika shambani kutishia ndege. Neno moja, hatua tatu. Katika mwaka wangu wote kule sikukutana na mfano ulionifurahisha kuliko huo.

Kwenye vitenzi kurudia kunalegeza kamba. Jalan ni njia, na pia ni kwenda. Jirani yangu wa Yogyakarta kila akiniona natoka aliniuliza, "Mau ke mana?", unakwenda wapi, ambayo kwao ni salamu wala si upekuzi. Jibu nililofundishwa ni "Jalan-jalan, Bu." Yaani natembeatembea tu, mama, sina ninapokwenda. Duduk ni kukaa. Duduk-duduk ni kukaa barazani mkipiga soga. Makan ni kula; makan-makan ni kula kwa furaha na wenzako, mtu amepata kazi au amefaulu mtihani.

Hati zao si za mashamba. Hati kwa Kiindonesia ni ini, lakini ini lililopewa kazi ambayo sisi tumeupa moyo: sakit hati ni kuumia moyoni, na mpenzi huitwa buah hati, tunda la moyo. Likirudiwa linakuwa onyo: kuwa mwangalifu. Yule mkulima wa kwenye video akisema hati-hati wakati kijana amesimama chini ya mkungu unaokatwa, anamwambia ajihadhari usimwangukie. Hilo lishike kabla ya mengine yote. Pelan-pelan huna haja ya kutafsiriwa, ni polepole.

Ninachokuomba ni hiki: kabla hujaona mambo haya ni ya ajabu, yatafute kinywani mwako. Mboga ni nini? Kwetu Kigoma dagaa ni mboga, migebuka ni mboga, nyama ni mboga, chochote cha kulia ugali. Lakini ukisikia kilimo cha mbogamboga, hakuna anayefikiria dagaa. Ni mchicha, bamia, nyanya chungu, kabichi, majani na matunda ya bustanini yametandazwa mbele yako. Waindonesia wanasema sayur-sayuran, au sayur-mayur kwa kulibadilisha neno la pili sauti kidogo. Chukua tamu, uirudie, upate vitamutamu, na hapo umekutana na gula-gula yao njiani. Chukua maji, uyarudie: uji wa majimaji, si maji bali umeelekea huko. Tunayo yote haya. Tofauti ni kwamba wingi wetu unabebwa na ngeli, kwa hiyo kurudia kwetu hakukuhitajika kwenye hesabu hata kidogo, kukabaki huru kufanya kazi nyingine. Ndiyo maana tunaposema vipande vipande, vi- imeshakwambia ni vingi. Kurudia kunakwambia vimekaaje. Vilevile nguo ya mistari mistari, na dagaa waliopangwa mafungu mafungu pale sokoni Mwanga.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibirizi kununua dagaa. Mama mmoja alikuwa amewaanika kwenye chanja ya wavu, na binti yake wa kama miaka tisa akawa anawachokoa kwa kijiti, anainua huyu, anamlaza, anamwinua tena. "Usiwageuzegeuze," mama akamwambia bila kugeuka, "watavunjikavunjika." Nilisimama pale na kapu langu nikasahau bei. Angesema usiwageuze, angekuwa amemkataza kazi ya lazima, maana dagaa asipogeuzwa hakauki upande wa chini. Alichokataza ni ule ugeuzaji wa mara kwa mara usio na sababu. Na hakusema watavunjika, kama fimbo inavyovunjika mara moja. Alisema kitu kitakachotokea hapa kidogo, pale kidogo, mpaka fungu lote liwe vumbi. Amri nzima ilikuwa ndani ya kule kurudia.

Sikiliza pia kilichorudiwa na kisichorudiwa. Usi- na -wa- zimetajwa mara moja. Shina peke yake ndilo lililokwenda mara mbili. Kiindonesia hufanya hivyohivyo: lari ni kukimbia, berlari-lari ni kukimbiakimbia, na ber- haiji mara ya pili. Ila vitenzi vyetu vifupi vina ulemavu wao: kula shina lake ni -l- na irabu tu, haliwezi kusimama peke yake, kwa hiyo linaibeba ku- yake hata kwenye kurudia. Ndiyo sababu mtoto asiyetulia na mkate "anakulakula", na wageni "wanakujakuja". Hutasikia mtu akisema analala kwa maana hiyo, maana hapo ameshakwenda kulala.

Mwisho wa barua yako, jihadhari na maneno yanayofanana na kurudia lakini siyo. Kupu-kupu ni kipepeo, na kura-kura ni kobe. Usitafute kupu moja wala kura moja, hawapo, kama sisi tusivyo na piki moja barabarani. Na usione kuku ukadhani ni kuku. Kuku kwa Kiindonesia ni ukucha. Dada ni kifua. Kakak ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, na hapo tumekaribiana nao kidogo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhudumu wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni mjini Kigoma. Wageni wetu wengi wanakuja kwa ajili ya sokwe wa Gombe. Mwaka huu tulipokea familia kutoka Indonesia, na walipoondoka waliandika kwenye kitabu cha wageni: Terima kasih, teman2. Sampai jumpa lagi. Tumejua maana yake ni asanteni marafiki, tutaonana tena. Ila hiyo mbili imeleta ubishi kazini. Mwenzangu anasema waliwashukuru wawili tu kati yetu. Siku hiyo zamu tulikuwa watatu, na mimi ndiye niliyewabebea mizigo. Aliyeachwa ni nani?

JIBU: Hakuna aliyeachwa, na tafadhali mwambiane leo hii. Hiyo tarakimu haihesabu watu. Ni agizo kwa msomaji: neno hili lisome mara mbili. Teman2 husomwa teman-teman, marafiki, mlivyokuwa wote pale.

Ni desturi ya zamani. Kimalayu, ambacho ndicho mama wa Kiindonesia, kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wanaouita Jawi, na waandishi wake walikuwa wakiweka tarakimu ٢ baada ya neno linalorudiwa, badala ya kuliandika upya. Walipohamia herufi za Kilatini, alama ikahama nao. Tangazo la uhuru wa Indonesia la tarehe 17 Agosti 1945 ni fupi kiasi kwamba unaweza kulisoma ukiwa umesimama, na katika rasimu ya mwandiko wa Sukarno mwenyewe sentensi ya pili inaanza na Hal2, yaani hal-hal, mambo. Sentensi hiyohiyo inamalizia na neno jingine la kurudia, sesingkat-singkatnja. Singkat ni fupi. Likizungushiwa se- na -nja (siku hizi huandikwa -nya) na kurudiwa, maana yake ni kwa muda mfupi kabisa unaowezekana. Mambo ya kukabidhiana madaraka yafanyike kwa uangalifu na kwa muda mfupi kabisa. Taifa limezaliwa kwa sentensi mbili, na ya pili imeanza kwa neno la kurudia na kuishia kwa neno la kurudia. Mimi kila nikiisoma nasisimka.

Tahajia ya mwaka 1947 iliruhusu tarakimu hiyo waziwazi. Tahajia mpya ya mwaka 1972 ikaiondoa kwenye maandishi rasmi na kuagiza neno liandikwe lote mara mbili, na kistari katikati. Magazetini na vitabuni wakatii. Kwenye simu na vitabu vya wageni imebaki, kwa kuwa inaokoa nafasi. Vijana wetu nao wakiandika 2taonana wanatumia tarakimu hiyohiyo, lakini kwao imesimama badala ya sauti tu-. Ya Waindonesia haina sauti yake. Inachukua sauti ya neno lililoitangulia.

Na kwa kuwa mnaishi na habari za sokwe kila siku, mtafurahi kujua kwamba yule jamaa yao wa misitu ya Sumatra na Borneo, orang-utan, jina lake si neno la kurudia ingawa lina kistari. Ni orang, mtu, na hutan, msitu. Mtu wa msituni.

SWALI: Tunabishana ofisini, hapa Kasulu: ni polepole, pole pole au pole-pole?

JIBU: Polepole, neno moja. Vilevile mbalimbali, sawasawa, katikati. Tumia sikio: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka polepole, mkazo mzito unaanguka mara moja tu, kwenye -po- ya pili. Basi ni neno moja. Tamka vipande vipande. Unasikia mikazo miwili, na mimi huyaandika kama maneno mawili.

Kuna mahali nafasi hiyo inabeba maana. "Tulikaa mbali mbali" ni kila mtu na pake. "Matunda mbalimbali" ni ya aina nyingi hata kama yamo kapu moja. Na mtu aliyefiwa ukimwambia "pole, pole", si "polepole".

SWALI: Nimesikia kwamba Waindonesia walifika Madagaska zamani kwa ngalawa. Je, haiwezekani kwamba haya maneno ya kurudiarudia sisi tuliyapata kwao? Au wao kwetu? (Mzee wa Kibondo)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hilo la Madagaska ni kweli, na ni moja ya safari kubwa za binadamu. Kimalagasi ni cha ukoo mmoja na Kiindonesia, na lugha iliyo karibu nacho zaidi ni Kima'anyan, kinachosemwa kusini mwa Borneo. Wamalagasi nao wanarudia. Neno lao moramora ni polepole yetu na pelan-pelan ya Waindonesia, na linasemwa kwa uzito uleule wa kumtuliza mtu mwenye haraka.

Lakini kurudia hatukukipata kwao. Hukuhitaji kukipata kwa mtu, mzee, maana umezaliwa nacho. Warundi wanaokuja kwenye masoko yetu ya mpakani wanasema buhoro buhoro, na hawajawahi kuona ngalawa. Lugha za Kibantu zinarudia, na lugha nyingi sana zisizo na undugu wowote nazo zinarudia, kwa sababu ni jambo linalokuja lenyewe: kitendo kikijirudia, mdomo nao unajirudia.

Vilivyovuka bahari kweli vipo, na unaweza kuvishika. Ukimuuliza Mwindonesia habari, atasema "Apa kabar?", na hiyo kabar ni habari yetu, wote tumeichukua kwa Waarabu. Meza kwao ni meja, almari ni lemari, na bendera ni bendera bila kubadilika hata herufi, zote tatu kutoka kwa Wareno waliopita kwetu na kwao. Na kimevuka kitu kimoja ambacho watu wa Kigoma wanapaswa kukijua. Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, katika kisiwa cha Java, na uzao wake ndio ulioanzisha mashamba ya Sumatra. Leo Indonesia inazalisha mawese kuliko nchi yoyote duniani.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika ukurasa huu, msomaji wetu wa Simbo akanipigia simu. Jibu lake nilikuwa nimemsomea mapema, akalifurahia, ila ana ombi. Anataka kumwandikia yule mkulima wa kwenye video neno la shukrani, kwa lugha yake, na amwambie kwamba huku nako michikichi ipo mingi. Alikuwa ameanza mwenyewe: banyak pohon-pohon sawit. Nikamuuliza, banyak ni nini? Akasema, mingi. Akanyamaza. Nikasikia jogoo upande wake wa simu. Halafu akasema, "Basi pohon moja inatosha."

Inatosha kabisa. Andika hivi, mwanangu: Terima kasih, Pak. Di Kigoma juga banyak pohon sawit. Asante, mzee, Kigoma pia michikichi ni mingi. Hiyo Pak ni kifupi cha Bapak, baba, na usiiache, maana kumwandikia mtu mzima bila hiyo ni kama kuingia kwa mkweo bila kubisha hodi. Angekuwa mama ungeandika Bu. Naye atakujibu sama-sama. Sama peke yake ni "sawa na". Likirudiwa ndilo neno la kumjibu anayekushukuru.